Mwanamke Aliyepita Bila Salamu

Wa kwanza kunilalamikia alikuwa jirani yangu, mama mtu mzima wa Kiha aliyeuza maharage sokoni Kasulu. Alinikuta kitandani, mguu wa kulia umefungwa hogo, plasta tupu kuanzia pajani mpaka kwenye kifundo. Badala ya kunipa pole akaketi, akanuna.

"Mwanangu, nimekukosea nini? Jana jioni umenipita pale njia panda. Nimekusalimia, mwidiwe, mwidiwe, hukuitika."

"Mama, nimepita kwa mguu upi?" Nikaigonga plasta aisikie.

Akaitazama, kisha akanitazama usoni. "Ulikuwa unatembea upesi," akasema.

Nilicheka. Mwaka ule wa 2013 nilikuwa nimeanguka na bodaboda kwenye utelezi, goti likapasuka, na hata chooni nilikuwa napelekwa. Nikasema macho ya mama wa watu yamechoka. Lakini wakaja na wengine, kila mmoja na kinyongo chake.

Mimi ni mtu wa Tanga, nilikuja Kasulu kwa kufuata mume na duka lake la vitenge. Nilishajua kuwa kwa Waha salamu si kitu cha kurusha begani ukipita. Mtu anasimama, anakushika mikono, anakuuliza nyumbani wote mmoja mmoja. Ukimpita kimya umemtukana. Miaka yote nilijitahidi nisiitwe mwenye maringo, halafu leo kuna mtu ananiharibia jina, na anatumia sura yangu!

Hogo lilipotolewa, mguu ulikuwa umesinyaa, goti limekakamaa kama mlango uliovimba kwa mvua. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini akanipa kazi: nikae ukingoni mwa kitanda, mguu uning'inie, nikunje, ninyooshe, nikunje tena. Maumivu yake, weee! Nilimwita mama yangu mzazi kwa sauti. "Usipokunja sasa hutakunja tena," mtaalamu akaniambia, wala hakupepesa macho. Hapo niliogopa kweli. Mwanamke bado nina nguvu zangu, nije kuswali kwenye kiti mpaka kufa? Nilitaka mguu wangu, sikutaka kingine.

Na kila goti lilipogoma, habari zilikuja kwamba nimeonekana. Nimevuka kijito kwa kurukaruka mawe. Nimepanda kilima na ndoo kichwani, sihemi. Mume wangu akafanya utani, "Kumbe nimeoa wawili kwa mahari moja." Nikamtupia kandambili. Moyoni lakini sikuwa na cha kuchekea. Nilianza kuamini kuwa nguvu ya goti langu iko huko nje, na kuna mtu anaitumia.

Hasira ndiyo iliyoninyanyua. Nilikunja mguu huku namtukana mtu nisiyemwona: "Mwizi we, rudisha!" Niliacha magongo nikashika fimbo, nikawa natoka jioni mpaka njia panda. Ukungu ukishuka pale huoni mtu mpaka akufikie. Nilisimama kumsalimia kila aliyetokeza, hata wasionijua, mpaka koo likakauka. Nikitazama nyuma nilikuwa naogopa, ila nilitazama.

Goti likaanza kukubali. Na kadiri lilivyokubali, malalamiko yalipungua. Siku niliyosujudu paji la uso likagusa mkeka, nililia kwa furaha, machozi yakalowesha mkeka. Nilipomaliza swala nikasema kwa sauti, "Nimekunyang'anya!" Sijui nilimwambia nani, chumbani nilikuwa peke yangu. Tangu siku ile hakuna aliyeniambia tena kwamba nimempita.

Mwaka uliofuata, jioni moja, nilikwenda sokoni kununua maharage, sina fimbo wala nini. Nilikunja magoti yote mawili nikamwamkia jirani yangu vile wanavyotaka wenyewe. Alifurahi huyo! Akanishika mikono, akaniuliza mume, akaniuliza duka, akaniuliza watu wa Tanga ambao hajawahi kuwaona. Tukamaliza zote. Kisha akainamia maharage yake, akawa ananipimia.

"Na huyu ndugu yako, mmeshaonana?"

"Ndugu yupi, mama?"

"Si huyu mnayefanana! Mimi nikadhani ni wewe, mpaka nikaona mguu. Maskini, goti halikunji kabisa, anauburuta tu. Lakini ana adabu, kanisalimia vizuri mno. Akaniuliza unakaa wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwelekeza," akasema, akanikabidhi maharage. "Nikamwambia aende taratibu tu, asiharakishe, wewe mwenyewe utamkuta mlangoni kwako."

Nilisimama pale na kapu mkononi. Miguu yote miwili ilikuwa mizima, na hakuna hata mmoja uliotaka kwenda nyumbani.