Uvimbe Uliowekwa Kungoja Desemba

Wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, aliugusa uvimbe kwenye titi mwezi wa sita, akaniambia mwezi wa tisa. Hapo katikati alikuwa anangoja mwezi wa kumi na mbili. Sisi watu wa Marangu ndivyo tulivyo. Kugawa kihamba, yaani shamba la ukoo, kumposea kijana, kubadilisha bati, yote yanangoja Desemba watoto wapande kutoka Dar, wachinje mbuzi, wakae kikao. Sikujua kwamba na saratani tumeipanga kwenye foleni hiyo.

"Siwezi kwenda kukatwa wanangu hawajui," alisema. Tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe.

"Waambie kwenye simu."

"Jambo kama hili halisemwi kwenye simu, wifi. Linasemwa kikaoni."

"Basi uambie na huo uvimbe uje kikaoni. Uuwekee na kiti."

Akasema hauumi, eti ni mpole. Tena alikuwa anakunywa unga wa mizizi wa mama mmoja pale sokoni, anayetibu kisukari, ugumba na saratani kwa kijiko kilekile. Mimi hata ng'ombe wangu akivimba jicho simpi dawa ya minyoo.

Wiki ileile alikuja mjukuu wangu, binti wa binti yangu, anayesomea mambo ya maabara chuoni. Najivunia huyu mtoto na sinong'oni nikisema hivyo, maana mimi niliishia darasa la tatu. Lakini usomi usioelezeka kwangu ni kelele tu. Nikamuuliza anasoma nini hasa. Akajibu: maikro-RNA. Nikamwambia aseme kwa lugha ya watu.

"Bibi, mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo usivyoviona kwa macho. Ndani ya kila seli kuna amri zinatoka: kua, gawanyika, kaa hapo. Hizi ninazosoma mimi ni vipande vidogo mno, kazi yao kunyamazisha amri isiyotakiwa."

"Kama wazee wa mfongo."

Mfongo ni mfereji wetu wa maji ya mlimani. Zamu yako ikiisha, mzee anakuja anaziba kwa udongo na magome ya mgomba, upende usipende.

"Hivyohivyo, bibi. Sasa kwenye saratani, wazee wengine wanapungua. Hakuna wa kuziba, seli inakua tu. Wengine nao wanazidi, wanawanyamazisha hadi walinzi. Mwisho seli inaachia pale ilipokaa, inaingia kwenye damu, inakwenda kujenga kwenye mapafu au kwenye mifupa."

"Na hiyo nayo inangoja Desemba?"

Akanitazama. "Nani ana uvimbe, bibi?"

Nikamshika mkono hadi jikoni kwa wifi, akarudia yote mbele ya sufuria ya mtori. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hivyo vidude vyako vina dawa?"

"Bado, bibi. Tunachunguza kama damu inaweza kutuonyesha mapema, na kama siku moja vitatibu. Kwa leo dawa ni hospitali, na kuwahi."

"Miaka yote hiyo shuleni, unamjua mwizi na kumkamata huwezi."

"Njia anayopita naijua. Na wewe unamwachia mlango wazi."

Wifi akaendelea kukoroga. Mimi sina maneno laini, nikamwambia, "Ukifa mwezi wa kumi, Desemba watakaa kikao cha kuchagua vigae vya kaburi. Hicho wanakiweza vizuri sana."

Akaipua sufuria. Kesho yake asubuhi tuliteremka Moshi.

Walichukua kinyama kwa sindano, majibu yakaja kuwa ni saratani, na ilikuwa imeshafika kwenye tezi za kwapani. Kwenye mapafu picha haikuonyesha kitu. Daktari aliuliza uvimbe ulianza kuonekana lini. Wifi akanitazama mimi kama mtoto aliyekojoa kitandani, akasema mwezi wa sita. Daktari aliandika tu, hakumgombeza. Ningemgombeza mimi, ila na mimi nilikuwa nimemwona tangu mwezi wa saba akivaa sweta juani, nikamcheka badala ya kumuuliza. Mdomo mrefu, macho hakuna.

Wakalitoa titi pamoja na zile tezi, wakamwanzishia dripu za dawa.

Desemba wanawe walifika na mbuzi wao. Yule mkubwa hata kiti hakukalia.

"Shikamoo shangazi. Mmempelekaje mama kukatwa bila kikao?"

Sikuitikia hata marahaba. Wifi alivua kitambaa, kichwa hakikuwa na hata unywele mmoja.

"Kikao kilikaa," alisema. "Tulikuwa mimi, shangazi yenu na daktari. Ninyi hamkuwepo."

Asubuhi yake yule mkubwa alimletea mama yake isale, lile jani letu la kuombea msamaha, ambalo ukiletewa hukatai. Mimi ningemwambia isale ukilichomeka popote linaota, ziwa la mama yako halioti tena. Lakini si mimi niliyeletewa. Wifi akalipokea.

"Nimekusamehe. Jumanne nina dripu. Utanipeleka wewe, na beseni la matapishi utashika wewe."

Alilishika. Alikwenda na shati jeupe la Krismasi, na halikurudi jeupe.