Pasi ya Mkaa Iliyoitoa Shule Mkiani

Mvua imenyesha usiku kucha. Ndani ya stoo ya shule, mfagizi ambaye kila mtu humwita Mama Pasi anapuliza makaa, mashavu yamemtuna. Mbele yake msichana wa darasa la saba amejifunga shuka, anangojea sare yake ikauke.

"Bibi, kola bado mbichi!"

"Kola haifanyi mtihani, mjukuu wangu. Vaa uende!"

Msichana anacheka, anavaa, anatimua mbio.

Hii ni shule iliyozoea kushika mkia katika wilaya yake ndogo. Wazazi wengi ni vibarua, na mtoto ana sare moja tu: hufuliwa jioni, huvaliwa asubuhi. Msimu wa mvua haikauki, na aliyekuja na nguo za nyumbani alirudishwa getini. Kuna siku nusu ya darasa la saba ilikosa masomo.

"Tulidhani ni utoro," anasema mwalimu mkuu. "Kumbe tuliwafukuza wenyewe."

Likaja onyo kutoka wilayani: matokeo yasipopanda, madarasa ya juu yatahamishiwa shule ya ng'ambo ya mto. Kwa familia zisizo na nauli, masomo yangeishia hapo.

Mama Pasi, ambaye mwenyewe hakuvuka darasa la pili, hakungoja mkutano. Alianza kukausha sare juu ya jiko la chai ya walimu. Siku mwalimu mkuu alipomfumania, chai haijachemka na sketi tatu zinafuka mvuke, wote walijua kibarua chake kimeota nyasi.

Mwalimu mkuu alitoka zake. Kesho yake alikuja na pasi ya mkaa kutoka nyumbani kwake.

"Mke wangu bado anaiulizia," anasema, akiangua kicheko.

Mwaka huu shule imekuwa ya tisa kati ya shule kumi na nne za wilaya, na madarasa hayahami tena.

"Pasi haijui hesabu," Mama Pasi anamwambia mwandishi wa gazeti hili, kidevu juu. "Mimi nilihakikisha mtoto yupo darasani. Mengine ni jasho la walimu."

Mjukuu wake wa damu, anayemlea mwenyewe, yuko darasa la sita.

"Darasa la saba nimeliingia miaka yote hii na ndoo ya deki. Mwakani damu yangu inaingia na kalamu. Afaulu, aende sekondari, kisha anifundishe kulisoma hilo gazeti lako, nione kama umeniandika vizuri."