Mahindi ya Kitale Kwenye Kisiwa cha Shakwe

Tata Wakiuru, dada ya baba yangu, anakaa hapa Tuwan, mtaa wa Kitale, na kazi yake ni kupukuchua mahindi ya watu. Mwaka juzi alichukuliwa kwenda kuwapikia watu wanaohesabu ndege, kwenye kisiwa cha mawe ndani ya Ziwa Turkana. Hakuna mtu anaishi huko. Ni shakwe tu, ndege weupe wa maji, wanakuja kutaga. Viota viko chini, kila mahali, mpaka unaogopa kukanyaga.

Kila upande wa kisiwa unahesabiwa na watu wawili, kila mtu kivyake, halafu wanalinganisha. Siku ya tatu mmoja wao akateguka mguu. Daktari Leila, mkubwa wao, akamkuta Tata akisonga ugali.

"Mama, unajua kuhesabu?"

"Nilifika darasa la nne."

"Basi hesabu ule upande wa chini. Wekea kila kiota alama, usikirudie. Hashim naye atauhesabu; namba zenu zikikaribiana, mwakani utakuja kuhesabu, si kupika."

Tata aliitaka hiyo kazi. Kupika amepika tangu ana miaka tisa.

Lakini aliogopa namba zingempotea kichwani. Kwa hivyo alikaa kando ya gunia la mahindi ya githeri, yale ya kuchemshwa na maharagwe, akahesabia punje mia tano ndani ya kikombe. Kila kiota, punje moja kando. Mgongo umeinama, mkono unaangusha, kama mtu anapanda shamba.

Mchana Hashim, kijana wa Kanduyi, akapita upande uleule na kimashine chake cha kubonyeza. Akarudi akicheka.

"Mama, si uliambiwa uweke alama? Sijaona hata moja. Nimeona shakwe wameshiba."

Tata akageuka. Kweli, ndege walikuwa bado wanamfuata nyuma kama kuku wa nyumbani.

"Ulikuwa unahesabu ama unalisha?" Hashim akauliza.

Daktari Leila hakucheka. "Sasa nitajuaje ulihesabu ngapi?"

Tata akamwaga kikombe kwenye sinia, akaanza kuhesabu zilizobaki, pole pole, wote wakimwangalia. Mia moja sabini na tisa.

"Nilitoka na mia tano," akasema. "Kwa hivyo nimeangusha mia tatu ishirini na moja."

Daktari akamwangalia Hashim. Hashim akasoma kimashine, akakisoma tena.

"Mia tatu kumi na tisa."

"Hizo mbili zilizozidi ni za mkono wangu," Tata akasema. "Kwetu tunapanda punje mbili kila shimo. Mkono umezoea."

Daktari akaandika jina lake kwenye orodha ya mwaka unaofuata. Akamwambia atumie chaki, ndege wasizoee chakula cha watu.

"Na leo nani anapika?" Hashim akauliza.

Wote wakamwangalia yeye. Tata anasema ule ugali ulikuwa mbichi katikati, na aliula wote.