Hesabu ya Shemeji Isiyokosea

Siku niliyomwona shemeji kwa mara ya kwanza, alikuwa sebuleni kwetu akimweleza mama kazi yake. Mama, aliyetaka tu kujua kama binti yake atakula, aliitikia kwa adabu. Kuna mtambo mkubwa, shemeji alisema, unaogonganisha chembe ndogo mno. Katika mgongano huzaliwa chembe mbili nzito ziitwazo kwaki, na zikipatana hushikana zikawa kitu kimoja. Yeye hukokotoa jozi ngapi zitashikana.

"Umeshaziona?" nikauliza. Mimi si msemaji. Swali lilinitoka tu.

"Mimi ni mtu wa nadharia, shemeji," akajibu, kama aliyeombwa afue nguo.

Akamwoa dada yangu. Meza yao ya chakula ikawa ya karatasi, dada na watoto wakila na sahani mapajani. Hesabu yake ilikuwa na namba ambazo nadharia haikuweza kuzitoa, hivyo alizichota kwenye vipimo vya mtambo. Vipimo vikibadilika, naye alibadilisha namba, kisha akatangaza, "Tumelingana tena."

"Huyu humtabiria suruali mtu aliyekwisha kuivaa," dada aliniambia, mumewe akisikia.

Mwaka alioomba uprofesa, alijitia kitanzi mwenyewe. Aliandika kwamba jozi zinazotoka kwa kasi zitazunguka karibu zote kwa upande mmoja. Siku chache kabla ya kikao cha kumpandisha cheo, vipimo vikatoka: zinazunguka ovyo, kila moja na lake.

"Baba watoto, waambie umekosea," dada akasema. "Wakubwa zako nao wamewahi kukosea."

Hakutaka. Akabadilisha namba mpaka mzunguko ukalingana na vipimo. Idadi ya jozi, iliyokuwa ikilingana miaka yote, ikaharibika. Akarudisha namba za zamani, idadi ikapona, mzunguko ukaharibika. Mwishowe akaenda kikaoni na ukurasa wa idadi peke yake. Wa mzunguko akauacha mezani, chini ya sahani.

Swali la kwanza la wajumbe likawa la mzunguko. Akawashauri wakapime upya. Uprofesa wakampa mwingine.

Nilikuwa nikimngoja nje ya jengo. Nikamuuliza kwa upole kama sasa atakubali kwamba alikosea. Alichonijibu kilinichekesha mpaka nikashika ukuta, na tangu hapo hajanisemesha. Alisema, "Sijakosea, shemeji. Chembe ndizo zimekwenda kinyume."