Sauti ya Zamda Stesheni

Zamda binti Selemani wa mtaa wa Gongoni alizaliwa na sauti, na sauti hiyo ilimtia matatani mapema. Mama yake, Bi Mwanamkuu, alikuwa akiuza asali stesheni ya Tabora, na kitoto hicho ndicho kilichokuwa mpiga mbiu wake.

"Asali ya msituni, haijatiwa maji! Anayeila hagombani na mkewe!"

Abiria wanacheka, mikono inatoka madirishani. Tabora ile ilikuwa Tabora kweli. Treni ikiingia, mji mzima unanukia moshi na karanga za kukaanga, na mtu aliyenuna humkuti.

Alipovunja ungo, mama akamkataza. "Mwari hapayuki, we mtoto. Utaolewa na nani, na behewa?"

Akaishusha sauti. Akaolewa, akaachika. Miaka ile ya Azimio, watu wanahamia vijiji vya Ujamaa, yeye akarudi Gongoni. Jembe hakulitaka, na alisema wazi halitaki. Alitaka kazi moja tu: kuwaita abiria.

Maana pale Tabora treni ya Dar hukatwa. Mabehewa mengine huenda Mwanza, mengine Kigoma. Abiria anashuka kula, akirudi anapanda lolote lililo karibu, analala fofofo. Raymundi, aliyekuwa akiwaita, alikuwa amestaafu.

"Wewe mwanamke," Mzee Kornel, bwana stesheni, akamwambia alipokwenda kuiomba kazi hiyo. "Nani atakusikia?"

"Nijaribu, mzee. Wasiponisikia, sitakusumbua tena."

"Haya. Leo tu."

Treni ikaja. Mzee mmoja wa Kisukuma, Masolwa, alishuka na jogoo wake kwapani, akamwambia Zamda anakwenda Mwanza kwa bintiye. Alipokwisha kula, huyoo, akapanda behewa la Kigoma, kofia usoni.

Zamda akaita kistaarabu, kama mwari alivyofundwa: "Abiria wa Mwanza, tafadhalini, badilini behewa."

Hakuna aliyegeuza shingo. Mzee Kornel akatikisa kichwa, akaanza kuondoka. Zamda akaona kazi inamponyoka hivi hivi. Akajifunga khanga kiunoni.

"Wasukuma eee! Watani zangu walala hoi! Behewa hilo la Kigoma! Mtaamkia ziwa si lenu, mlishwe samaki migebuka mpaka msahau michembe yenu ya viazi!"

Treni nzima ikaangua kicheko. Masolwa akaruka chini, jogoo anapiga kelele, nyuma yake watu na mafurushi yao, wengine wakitokea dirishani.

"Mnyamwezi wee, mla panya!" Masolwa akafoka huku anacheka. "Mbona hukusema mapema?"

"Nilisema kwa adabu, ukakoroma!"

Treni zote mbili zilipokwisha kuondoka, Mzee Kornel alisimama mbele yake, anajifuta machozi ya kicheko.

"Kesho uje. Lakini abiria wangu usiwatukane."

"Hao ni watani zangu, mzee," Zamda akasema. "Nisipowatukana mimi, atawatukana nani?"