Bosi Wangu na Jina Alilopewa na Makedi

Nilianza gofu nikiwa na miaka arobaini na mbili, na si kwa mapenzi. Mambo mazito ya ofisi yetu yalikuwa yanaamuliwa uwanjani Jumamosi asubuhi, na mimi Jumamosi asubuhi nilikuwa nafua nguo nyumbani Lemara. Nikanunua fimbo za mtumba, nikajiunga na klabu.

Kedi wa kunibebea mfuko alikuwa mama mtu mzima, Mmeru wa huko juu mlimani, mwenye migomba na kahawa kidogo. Nilimwamkia shikamoo kila nilipofika. Wenzangu waliona ajabu, maana wao walimwita "wewe". Nadhani ndiyo sababu alinifundisha lugha ya makedi.

Nilipokosa mpira na kurusha bonge la udongo, alisema kwa upole, "Umelima, mwanangu." Mpira ukizama kwenye maji, umebatizwa. Ukitambaa kwenye nyasi bila kunyanyuka, ni nyoka. Ukiingia kwenye shimo la mchanga, umekwenda Tanga kuogelea. Waheshimiwa nao walikuwa na maneno yao ya Kiingereza, waliyoyaokota kwenye televisheni na kuyatamkia puani. Ya makedi hawakuyajua, ingawa karibu yote yaliwahusu wao.

Bosi wangu makedi walimwita Mchungaji. Jina hilo lilimkaa vizuri sana. Alikuwa mzee wa kanisa, na aliamini kwamba watu wanyonge wana jicho la kutambua utakatifu.

Siku moja nilimuuliza yule mama, "Kwani huwa anawahubiria?"

"Angalia mguu wake wa kulia," akasema.

Niliangalia. Mpira wa bosi ulipoangukia kwenye majani marefu, aliufuata peke yake, akainua macho kuutazama Mlima Meru kama anayekagua mawingu, na mguu ukafanya kazi. Tulipofika, mpira ulikuwa umetulia mahali peupe.

"Leo nina bahati," alisema bosi. Bahati hiyo ilimjia mara tano au sita kila asubuhi.

"Ng'ombe akikataa njia unamswaga," mama akaninong'oneza. "Ndiyo uchungaji wenyewe."

Nilicheka, nikanyamaza. Nilinyamaza karibu mwaka mzima, nikapandishwa cheo, nikaendelea kumpigia bosi makofi.

Kisha yakaja mashindano ya klabu, na bosi akashika nafasi ya tatu. Wakati wa chakula cha mchana alipewa kikombe, naye akaomba kipaza sauti. Alimshukuru Mungu, mke wake na kamati, kisha akasema, "Hata makedi wameuona wito wangu. Wananiita Mchungaji. Mama, wewe hapo, hebu waeleze kwa nini."

Mama alikuwa amesimama barazani na mfuko wangu. "Ni utani tu, bosi."

"Usiogope. Sema."

"Ni kwa vile unavyoupeleka mpira kwa mguu, bosi. Kama mtu anayechunga."

Hakuna aliyetafuna. Kicheko kilianzia jikoni, kikapita kwa wahudumu, mwishowe kikafika meza kuu, ambako watu walikunywa soda haraka haraka ili wasionekane meno. Bosi alinigeukia mimi. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Hapana, bosi," nikasema.

Mama alinitazama mara moja tu, kisha akainama akaanza kufuta fimbo zangu.

Wiki hiyo tangazo lilibandikwa: makedi watumie lugha ya heshima. Mama alisimamishwa kazi kwa mwezi mmoja. Kuhusu mguu wa bosi, tangazo halikusema kitu.

Nilipanda mlimani kwake na kilo mbili za sukari, nikamwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa chai, akanisikiliza hadi mwisho.

"Bosi wako aliswaga mpira," akasema. "Wewe ulinisukuma mimi. Lakini kunywa chai, inapoa."

Aliporudi kazini aliomba kubeba mfuko wa mtu mwingine, akapewa. Bosi bado anacheza. Mguu ameuacha, kwa hiyo sasa humaliza saa nane mchana akiwa amelowa jasho. Makedi wamehamia Kimeru. Mimi ni Mpare, sielewi hata neno moja. Ninachojua ni kwamba nikipita mbele ya banda lao kuna neno moja fupi hutamkwa, kila mara lile lile, na wote hucheka isipokuwa mama.