Nafasi ya Kavutha ya Urubani

Kavutha alipoambiwa amefaulu, hakurukaruka. Alirudi nyumbani mtaani Mbotela, akaketi kumsaidia mamake, Kaluki, kuchambua maharagwe, na walipokaribia kumaliza akasema, "Mama, wamenichukua."

"Kina nani?"

"Serikali. Nitasomea urubani."

Kaluki akamwaga maharagwe yote.

Habari yenyewe ilitoka kwenye gari. Munyoki, babake Kavutha, alikuwa dereva wa mkubwa mmoja serikalini, na magazeti ambayo bosi aliyaacha kiti cha nyuma aliyaleta nyumbani. Kavutha aliyasoma mpaka matangazo ya vifo. Humo ndimo alimoona kwamba serikali ingewalipia vijana wachache mafunzo ya kurusha ndege ng'ambo, kisha wafanye uanagenzi kando ya marubani wakubwa hadi wakomae. Kwa mtoto wa dereva, mlango ulikuwa huo tu. Akaenda. Akapimwa macho, masikio, hesabu. Wazee waliofunga tai shingoni wakamuuliza kama hataogopa mawingu, naye akajibu kwamba anaogopa zaidi mbwa wa mtaa wa Mowlem. Wakacheka, wakamchukua. Yalibaki majina kupelekwa juu yatiwe sahihi.

Mtaa ukajua kabla jua halijatua. "Niaje, Pailoti!" vijana wa steji ya matatu wakamwita. "Si utubebe bure hadi ushago kwa kina nyanya?"

Habibo wa duka la kona naye akamwambia, "Ukipita hapa juu, niangushie gunia la sukari. Lakini polepole, mabati yangu ni mazee."

Kaluki akataka maombi ya shukrani, pasta aje, mbuzi achinjwe. Hilo Kavutha hakulipinga. Kilichomkaa vibaya ni Munyoki kusema mgeni wa heshima atakuwa bosi.

"Baba, si tungoje kwanza sahihi?"

"Huyu nimemwendesha miaka. Nikisherehekea bila yeye, ataona nimemdharau."

Bosi akaja, akapewa kiti kilichoazimwa kanisani na sahani ya kwanza. Akasimama, akamsifu Munyoki kwa kulea, watu wakapiga makofi. Alipomaliza kula, Kavutha akaja na jagi na beseni kumnawisha.

"Majina yameshafika juu?" bosi akamuuliza taratibu, mikono chini ya maji.

"Bado, mzee. Wiki ijayo."

"Kumbe. Na hii habari uliiona wapi?"

"Kwa gazeti lako, mzee. Ulikuwa umeliacha garini."

Bosi akacheka. "Mimi husoma siasa tu." Akajipangusa kidole kimoja kimoja, na Kavutha akatamani kuyarudisha maneno yake kinywani.

Kavutha aliporudi kwenye ofisi alikofanyia mitihani kuuliza siku ya kuanza, karani hakumtazama usoni. Jina lake halikuwapo. Mahali pake palikuwa na kijana ambaye hakuna aliyemwona kwenye mitihani, na jina lake la mwisho ni lile la bosi.

"Labda majina yamefanana tu," Munyoki akasema nyumbani.

"Yamefanana?" Kaluki akamgeukia. "Basi mwambie huyo wa kufanana anirudishie mbuzi wangu!"

"Unataka nifukuzwe kazi? Tule nini?"

Hapo Kaluki akashika ufagio akaanza kufagia, na Kavutha akajua mambo yameisha.

Vijana wa steji waliendelea kumwita Pailoti, sasa wakiangalia kando wakicheka. Habibo peke yake aliacha mzaha. Akampa kazi ya kupima unga dukani, bila kumuuliza chochote.

Jumamosi moja Munyoki aliondoka mapema, shati limepigwa pasi, akarudi jioni. Kavutha akamwekea ugali na sukuma wiki.

"Leo pia kulikuwa na kazi, Baba?"

"Nilienda Embakasi. Uwanja wa ndege."

"Kumpeleka bosi?"

Munyoki akamega tonge, akalishika tu. "Mpwa wake. Yule wa urubani. Anaenda kuanza masomo nje."

"Alikuwa na mizigo?"

"Masanduku mawili."

"Nani alimbebea?"

"Kavutha, mimi ni dereva."

"Nimeuliza nani alibeba."

"Nilibeba." Tonge likarudi kwenye sahani. "Huyo kijana alisema nikusalimie."

Kavutha akaiondoa sahani mbele ya babake, ugali ukiwa bado unatoa mvuke, akatoka nayo nje. Munyoki akabaki ameketi, vidole vingali na ugali.